Jaketi la kuvaa ukimaliza mbio: manyoya ya bata au poliesta?

Swali: "Hujambo fundi. Mimi ni mwalimu wa hisabati, naishi Kahawa West. Kila Jumamosi nakimbia kilomita 12 hadi 15 na wenzangu msituni Karura, halafu narudi nyumbani kwa matatu. Sina gari la kuachia nguo. Nina kibegi cha mgongoni cha lita 10 na nakimbia nacho. Tangu Juni ianze, nikimaliza natetemeka mpaka nifike nyumbani, na mama mkwe ameshanionya kwamba nitapata nimonia. Nimeona majaketi mawili. Moja liko dukani, limejazwa manyoya ya bata bukini, limeandikwa 800, lina gramu 240 na bei ni shilingi 18,000. La pili nililiona soko la mitumba la Gikomba, ndani ni poliesta, uzito sijui, shilingi 1,200, na muuzaji anaapa ni "kamera", yaani daraja la kwanza. Ninunue lipi? Au najisumbua bure kutafuta nguo ya baridi hapa Nairobi?"

Mwalimu, sijambo. Jibu kwanza, maelezo baadaye: chukua la Gikomba, mradi lipite mitihani nitakayokuandikia hapa chini. Zile elfu kumi na sita na ushee zitakazobaki, toa kidogo ununue fulana mbili nyepesi za kubadilisha na kofia ya sufu, hii mavini ya kila siku. Jaketi la dukani si baya. Huenda ni zuri kuliko lolote nililowahi kulivaa mimi. Lakini lilibuniwa kwa baridi kavu na mtu mkavu, na wewe saa tatu asubuhi pale lango la Kiambu Road si mtu mkavu.

Nimeshona na kutengeneza nguo za mlimani na za michezo hapa mjini kwa miaka mingi. Wateja wangu ni makundi mawili: waongozaji wa Mlima Kenya, ambao majaketi yao huchanika, na wakimbiaji wa wikendi, ambao majaketi yao hufa polepole kwa jasho. Lililochanika ninalitia kiraka. Lililouawa na jasho mara nyingi namrudishia mwenyewe nikimwambia pole.

Hujisumbui bure, hilo nikuondolee. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na asubuhi za Julai nyuzi hushuka hadi 10 au 12, siku nyingine chini ya hapo. Wingu hukaa kichwani mpaka mchana, na msituni manyunyu ya usiku hudondoka kwenye majani hata mvua ikiwa imekwisha. Wageni kutoka Ulaya hutucheka tunapovaa majaketi mazito kwa nyuzi 12. Waache wacheke, wao hawajalowa.

Kwa kuwa wewe ni mtu wa hesabu, chukua kalamu. Mwili wa kilo 60 ukikimbia mwendo wa kilomita 10 kwa saa hutoa joto la zaidi ya wati 500. Ukisimama langoni kungoja wenzako, baada ya dakika chache umeshuka hadi wati mia na kidogo, sawa na zile balbu za zamani za wati 100. Jiko limezimwa, lakini jasho halijapata habari. Ngozi bado ina damu nyingi iliyopelekwa pale ipoe, na fulana imelowa chapachapa. Gramu moja ya maji ikikauka hubeba joto la kilojuli 2.4 hivi. Fulana ya mtu aliyekimbia kilomita 15 inaweza kushika gramu 200 za jasho. Ipime yako kwenye mizani ya jikoni kabla na baada, uone mwenyewe. 200 mara 2.4 ni 480. Mwili uliotulia hutengeneza kama kilojuli 360 kwa saa. Joto la kuikausha fulana hiyo, hata ukitoa sehemu inayotoka hewani, linakaribia joto lote ambalo mwili wako ungetengeneza kwa saa nzima. Hapo hatujataja upepo wa dirisha la matatu.

Umeona ninakokwenda. Ukivaa jaketi la shilingi 18,000 juu ya fulana iliyolowa, umenunua kifuniko cha bei kali cha kufunikia sufuria ya maji baridi. Kwa hiyo jaketi ni kitu cha tatu. Cha kwanza ni kuvua fulana, na sidiria pia kama una ya pili, kwa sababu hiyo hushika jasho kuliko fulana yenyewe na imekukaa kifuani. Kina mama wa kundi ninalokimbia nalo hubeba leso nyepesi, wanajitanda, wanabadilisha papo hapo nyuma ya mti na maisha yanaendelea. Leso hiyohiyo ndiyo taulo. Cha pili ni kichwa: futa nywele, vaa mavini. Kama umesukwa rasta au twisti, unajua mwenyewe zinavyoshika maji. Ndipo jaketi lije, na lije mapema, kabla hujaanza kusikia baridi. Wengi hungoja hadi watetemeke ndipo wafungue begi. Jaketi halina moto ndani yake. Linatunza joto ulilo nalo, na ukilivaa ukiwa umeshapoa litatunza huo upoevu.

Sasa kijazo. Kinachokupa joto si manyoya wala poliesta yenyewe, ni hewa iliyonaswa katikati yake isiweze kutembea. Hewa iliyotulia haipitishi joto kirahisi, na maji hulipitisha mara ishirini na zaidi kuliko hewa hiyo. Aliyelalia mto wa sufi kule Pwani anajua kijazo kizuri kinavyofanya: ukiubonyeza unashuka, ukiuacha unaumuka. Kuumuka ndiko unakokulipia.

Katika kuumuka, hakuna kinachomshinda bata. Manyoya yanayotumika si yale ya bawa yenye kijiti katikati. Ni yale ya kifuani, laini kama malaika ya mtoto mchanga, kila moja kinyota kidogo chenye nyuzi zinazosukumana. Yanaumuka sana, yanakunjika sana, na ni mepesi mno. Ile 800 uliyoiona ni kipimo cha kuumuka huko: aunsi moja ya manyoya hayo, yaani gramu 28, ikiachwa ndani ya silinda ya kupimia hujaza inchi 800 za ujazo, ambazo ni kama lita 13. Ya 600 hujaza kama lita 10.

Hapa wauzaji ndipo wanapotupiga chenga, mara nyingi bila wao wenyewe kujua. 800 inakwambia ubora wa manyoya, haikwambii yamo kiasi gani. Gramu 40 za manyoya ya 800 zinanasa hewa kama lita 18 na nusu. Gramu 100 za manyoya ya 600 zinanasa karibu lita 35. La pili lina namba ndogo na joto karibu maradufu. Zile gramu 240 ulizoandika ni uzito wa jaketi zima pamoja na kitambaa na zipu, kwa hiyo hazitusaidii. Muuzaji anayetaja 800 asitaje gramu za manyoya ni kama mwanafunzi anayemwambia babake amepata 40 bila kusema mtihani ulikuwa wa alama ngapi.

Tatizo la manyoya ni maji. Yakilowa, vile vinyota hushikana, vinakuwa mabonge, na hewa haina pa kukaa. Watu wengi hudhani mvua ndiyo adui, wakanunua lenye kitambaa cha juu kinachofukuza maji wakaona wamemaliza. Jasho halipitii juu. Linatoka ndani kama mvuke, linapenya bitana, linakutana na kitambaa cha juu kilichopoa, linageuka maji humo humo kwenye manyoya. Siku hizi yako manyoya yaliyotiwa dawa ya kufukuza maji, na kweli yanavumilia zaidi, ila dawa huchelewesha tu. Haigeuzi bata kuwa plastiki.

Hili sikulisoma mahali. Mwaka mmoja nilijipa zawadi ya jaketi la manyoya, jepesi kama kikaratasi, nikapanda nalo milima ya Ngong kukimbia. Kule juu ni karibu mita 2,460, na mitambo ile ya umeme wa upepo haikuwekwa pale kwa urembo. Tulipomaliza nililivaa juu ya fulana iliyolowa kwa sababu nilikuwa na njaa kuliko akili. Tulikaa kibandani tukinywa chai, kisha tukangoja gari. Baada ya saa mbili nilishika mgongo wa jaketi nikakuta vitambaa viwili vimegandana, katikati hamna kitu. Nilirudi Nairobi nimejikunyata kama kuku aliyenyeshewa, na nilikuwa ndiye mwenye nguo ya bei kubwa kuliko wote ndani ya gari.

Jeshi la Marekani liliusumbukia ugonjwa huu kabla yangu. Katika miaka ya 1980 lilitaka kitu kinachoumuka kama manyoya lakini kisichokufa kikilowa, na katika kutafuta huko ndiko ilikozaliwa PrimaLoft, nyuzi nyembamba mno za poliesta. Leo ziko za majina mengi, na hata zisizo na jina. Poliesta karibu hainywi maji kabisa. Maji yakiingia katikati ya nyuzi unaweza kulikung'uta jaketi, ukalivaa, na sehemu kubwa ya hewa ikawa bado imo. Si kwamba litakuwa na joto lilelile. Anayekwambia poliesta iliyolowa ina joto kama kavu, anakuuzia. Ila tofauti kati ya kupungukiwa na kuishiwa unaijua.

Poliesta nayo ina dosari zake, na moja inakuhusu sana. Kwa joto lilelile ni nzito zaidi na hujaa begini zaidi. Na huchoka. Kila ukilikunja na kulibana, nyuzi chache huvunjika au hulala zisiinuke tena. Jaketi la manyoya lililotunzwa huenda likaishi miaka kumi na zaidi. La poliesta linalobanwa kila wiki huanza kulala baada ya miaka michache. La Gikomba tayari limeishi maisha ya kwanza huko lilikotoka. Kwa hiyo unanunua umri uliobaki, na kazi yako pale ni kujua umebaki kiasi gani.

Poliesta hupimwa kwa gramu za kijazo katika mita moja ya mraba. Wewe unataka 60. 40 inakutosha kama kitambaa cha juu kinazuia upepo na huna tabia ya kupiga soga langoni. 100 ni ya mtu anayekimbia Limuru au Ngong kisha anakaa nje. Nairobi utaivua kabla ya kufika Muthaiga, na njia yote itakuwa imekujazia begi. Lebo ya mitumba mara nyingi haina namba hiyo. Tumia vidole: shika sehemu ya tumboni kati ya kidole gumba na cha shahada bila kuminya. Unene wa sentimita moja au zaidi kidogo unatosha. Zikifika tatu hilo ni la theluji, muachie anayesafiri.

Ukifika Gikomba, neno kamera lisikubabaishe. Maana yake kwao ni nguo iliyotolewa beli likifunguliwa tu, na mara nyingi ni kweli, lakini macho ya muuzaji huangalia rangi, jina na doa. Hayaangalii kuumuka. Kuna majaketi yasiyo na doa hata moja ambayo ndani yameshakufa. Soma kwanza lebo ya ndani, ubavuni. Ikiandika "down" ni manyoya. Ikiandika "polyester" mahali pa kijazo, ndilo. Lebo ikiwa imekatwa, finya taratibu kwenye pindo: ukigusa vijiti vidogo kama vya kuchokolea meno, hayo ni manyoya, tena ya bei rahisi.

Kisha likunje, libane chini ya kwapa lako kwa nguvu kwa dakika nzima huku ukijadiliana bei, halafu liachie. La poliesta lenye uhai linainuka mbele ya macho yako na baada ya nusu dakika limerudi karibu lote. Likibaki na mikunjo kama shati lililolaliwa, muuzaji akuondolee shilingi mia nane au umrudishie. Liinue sasa dhidi ya mwanga. Utaona vivuli vya kijazo. Ukiona mahali peupe, hasa mabegani na chini ya makwapa, kijazo kimehama au kimekatika, na mabegani ndipo kamba za begi zilipokuwa zikisugua. Mabega matupu nakushauri uyakatae hata kwa mia mbili, kwa sababu mimi fundi siwezi kuyarudisha bila kufumua jaketi lote.

Mtihani wa upepo ni wa mdomo. Weka kitambaa midomoni, puliza. Pumzi ikipita bila kizuizi, upepo wa dirisha la matatu utapita pia. Isipopita hata kidogo, jiulize kama ni nailoni iliyopakwa plastiki kama ya koti la mvua. Hilo litakupika dakika tano kisha likulowanishe kwa mvuke wako mwenyewe. Unataka inayopita kwa shida. Ziko siku hizi nguo zilizojazwa kijazo cha wazi kinachopumua sana, za kukimbia nazo ukiwa umezivaa. Ni nguo nzuri, lakini wewe umeshamaliza kukimbia. Usilipie kupumua usikokuhitaji.

Unene wa uzi wa kitambaa chenyewe huandikwa kwa herufi D, yaani denia: gramu za uzi huo ukiwa na urefu wa mita 9,000. Cha 10D ni uzi wa gramu 10 kwa mita zote hizo, na kitambaa chake ni utando wa buibui. Hupendeza dukani. Halafu unaingia matatu yenye kiti kilichotoboka, chuma kimechomoza, na unasikia tsss. Kwa anayepanda matatu nachagua 20D hadi 30D bila kufikiria mara mbili, hata kama inaongeza gramu 40. Kitambaa cha nyuzi zenye miraba midogo kama karatasi ya hesabu ni bora, maana kikitoboka tundu halikimbii.

Zipu ivute mara kumi, pamoja na kuifunga mpaka kidevuni. Zipu mbovu ni shilingi mia chache kubadilisha kwenye suruali, lakini kwenye jaketi jembamba la kujazwa ni kazi ya nusu siku, na mafundi wengi watalishona kwa sindano nene ya jinzi na kuliachia matundu ya kudumu. Kola iwe ndefu. Kofia ya kushonewa mimi huipenda kwa sababu ya manyunyu, lakini ukiwa na mavini si lazima, na bila hiyo unaokoa nafasi. Mikono ifike kwenye vifundo vya vidole. Chini liwe na uzi wa kukaza, la sivyo ukiketi hewa ya joto yote inatokea huko.

Saizi ni mahali ambapo watu hukosea wakidhani wanajua. La kukubana linabonyeza kijazo, na kijazo kilichobonyezwa hakina hewa. La kupwaya linapiga upepo ndani kila ukigeuka. Lijaribu juu ya fulana moja na sweta jembamba, nyoosha mikono mbele kama unashika chuma cha juu kwenye basi. Mgongo usikaze, pindo lisipande juu ya kiuno.

Uzito wote ukiwa chini ya mkate wa gramu 400 umefanya vizuri. Chini ya 300 umebahatika. Likikunjwa liwe kama chupa ya maji ya lita moja hadi moja na nusu, na hapo kibegi chako cha lita 10 kinabaki na nafasi ya fulana, leso, na hata kichupa cha chai. Mengi hujikunja ndani ya mfuko wake yenyewe. Kama lako halijikunji, lizungushie kofia yake ya kushonewa au lisokote kwenye soksi safi ndefu. Ila begi nalo hulowa kutoka mgongoni kwako. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku Agosti 2017 hatuna tena kile kimfuko cha supamaketi, na mimi nimejishonea mfuko kutoka kwa kitambaa cha mwavuli uliovunjika. Nairobi haikosi mwavuli uliovunjika. Kitambaa chake ni chepesi, hakipitishi jasho, na fundi yeyote atakushonea kwa dakika kumi. Weka jaketi humo, na ukibadilisha nguo, fulana iliyolowa iingie kwenye mfuko huo jaketi likishatoka.

Kuna swali ambalo hukuuliza lakini wengi huniuliza: kwa nini nisivae tu hudi ya pamba? Kwa sababu inajaza begi lote, upepo unapita, na pamba inakunywa jasho lililobaki mwilini kama sifongo. Kama unayo ya flisi, ni afadhali. Ivae na juu yake koti jembamba la upepo na utakuwa umepata joto zuri bila kununua chochote. Kasoro ni nafasi tu, na kwako wewe unayekimbia na begi, nafasi ndiyo kesi yenyewe. Mwenye gari wala asisumbuke, aache shuka la Kimaasai kwenye kiti cha nyuma.

Kuhusu nimonia, msikilize mama mkwe kwa heshima na uvae jaketi mbele yake. Nimonia huletwa na vijidudu, bakteria na virusi kwa sehemu kubwa. Baridi peke yake haiizai, na kutetemeka kwa nusu saa si ugonjwa. Lakini kama una pumu, au kifua hukubana ukikimbia kwenye hewa baridi, hilo halitatuliwi na fundi cherehani.

Kulifua: mara chache. Ukilivaa juu ya fulana kavu, mara mbili au tatu kwa mwaka zinatosha. La poliesta ni rahisi, maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo isiyo kali, bila kilainishi, usilikamue kwa kulisokota. Bonyeza, kisha lilaze kwenye waya. Siku moja yenye upepo limekauka. La manyoya ndilo lenye vitimbi. Mteja mmoja aliniletea lake limefuliwa kwa sabuni ya unga, limekamuliwa kama tambara la kupigia deki, limeanikwa Julai. Lilikuwa na mabonge kama mihogo na harufu ya banda la kuku. Nililisuuza tena, nikalianika karibu na dirisha siku nne, kila nikipita nikiyapasua mabonge kwa vidole. Wenye mashine za kukaushia hulitia humo pamoja na mipira ya tenisi, likatoka limeumuka. Sisi wa waya na vibanio tuna vidole. Hii nayo iingize kwenye hesabu unapolinganisha 18,000 na 1,200.

Nyumbani usilihifadhi likiwa limekunjwa. Litundike, au lilaze juu ya kabati. Kubanwa liwe jambo la Jumamosi peke yake.

Je, manyoya hayana wakati wake? Yanao. Ukienda kilele cha Lenana, Mlima Kenya, mita 4,985, unaanza kupanda usiku wa manane, baridi ni ya barafu na kavu, na hapo ningekuomba mwenyewe ulichukue lile la dukani, baada ya kumuuliza muuzaji gramu za manyoya. Waongozaji wangu hawavai kingine. Iten pia, kwa anayeketi nje jioni baada ya kuoga. Shida si bata, ni fulana yako.

Na kama umeamua Gikomba, nenda asubuhi, siku ya kazi ukipata ruhusa, wakati mabeli yanafunguliwa. Usiende na nguo za shule. Bei hupanda kwa mwalimu. Baada ya wiki ya kwanza ya Julai kila mtu anatafuta unachotafuta, kwa hiyo 1,200 ni bei ya msimu. Kama unaweza kuvumilia, jaketi hilohilo Januari, jua likiwaka, utaliona Toi au Gikomba kwa mia tano na muuzaji atakushukuru. Lakini miezi hiyo utatetemeka, na mama mkwe atakuwa anakutazama. Lichukue sasa, na kama zipu inakwama omba upunguziwe mia moja. Paka kipande cha mshumaa kwenye meno yake, ivute mara chache, itateleza.